Sweta la Kinole

Jumapili, 1 Septemba
Salha karudi saa kumi. Hajavua hata viatu, begi lake nimeshalimwaga kwenye beseni. Kila akitoka kwa baba yake ni hivyo hivyo: sabuni ya unga, maji mawili, kamba. Sweta la bluu limejaa harufu ya karafuu. Huko Kinole wameanza kuanika. Sitaki harufu hiyo ndani ya nyumba yangu. Basi.

Mtoto kanitazama nikisugua. Hakula. Miaka tisa tu, kununa kajifunza kwa nani? Kwangu, najua.

Jumatano, 4 Septemba
Kwa mshauri wa familia, mara ya tatu. Mimi kiti cha huku, Baba Salha kiti cha kule, boksi la tishu katikati. Hakuna aliyeligusa. Mazungumzo: likizo ya Desemba. Anataka Salha akae naye mwezi mzima. Nikasema sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa baba anakwenda kusalimia tu. Baba Salha akatazama viatu vyake. Nilimweza.

Nimerudi nyumbani Mafiga, nimekaa kwenye cherehani, nimeshona mkono wa gauni la mteja ndani nje. Nikafumua.

Jumapili, 15 Septemba
Karudi. Nguo zote safi, zimekunjwa, hazijavaliwa. Nimezifua hivyo hivyo. Sweta halimo. Anasema kalisahau huko. Hanitazami usoni. Ana jambo huyu.

Jumanne, 17 Septemba
Nimefagia chini ya kitanda chake. Ndoo ndogo ya rangi, mfuniko umebanwa. Ndani, sweta. Chafu, ila limekunjwa vizuri kama nguo ya Idi. Kwa nini mtoto afiche nguo? Nikawaza mabaya yote. Nikampigia Baba Salha, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Kesho nasema mbele ya mshauri: Kinole basi. Si Desemba, si siku moja.

Baadaye nikaifungua tena ile ndoo. Karafuu. Mwaka ule nina mimba ya Salha tulianika uani kwenye mikeka. Wingu likishuka mlimani, wote mbio kukunja, mimi na tumbo langu, yeye akipiga kelele, "Kaa wewe, kaa!" huku anacheka. Vidole vilinukia wiki nzima. Hata chai ilinukia.

Nimemkumbuka. Si huyu wa kiti cha kule. Yule. Nimefunga mfuniko.

Jumatano, 18 Septemba
Nimebeba ndoo mpaka ofisini, Salha nyuma yangu, nikaitua mezani kama kidhibiti cha polisi. Mshauri hakutuuliza sisi wakubwa. Alimuuliza Salha, taratibu, sweta limewekwa humo kwa nini.

Salha akasema: "Mama akifua, baba anaisha."

Tishu ya kwanza nilichukua mimi. Ya pili Baba Salha. Miaka miwili nafua na kujiona msafi, kumbe namfutia mtoto baba yake kwenye beseni. Aibu imenishika mpaka sasa.

Nilichokuja kusema sikukisema. Desemba yote, nimekubali. Mambo ya ukoo sikuyataja. Tukitoka nikamwomba radhi Baba Salha kwa maneno ya kwenye simu. Akasema, "Yameshapita, Mama Salha." Hajaniita hivyo tangu tuachane.

Ijumaa, 27 Septemba
Baba yake kamfuata saa tisa. Salha tayari, sweta mwilini, halijafuliwa. Akataka kanga yangu. Nikamtolea ile mpya ya sandukuni. Akakataa, anataka niliyojifunga. Nikamwambia hii nimepikia, nimeshonea, inanuka vitunguu na mafuta ya cherehani. Hiyo hiyo, anasema. Akaikunja mwenyewe, akaitia kwenye ndoo, akabana mfuniko kwa goti.

Nimewasindikiza mpaka barabarani. Nikamwambia baba yake, msiifue. Akasema hata bibi yake Salha kule Kinole hataigusa.

Nimerudi. Beseni liko ukutani, kavu. Nimejifunga ile mpya, nimeendelea na gauni la mteja. Bado mikono.