Yaya Ngoie kwenye foni

Alhamisi, kiangazi. Asubuhi ilikuwa na baridi, na sasa vumbi la malori ya madini limetanda hadi mlangoni. Nimerudi kutoka parokiani. Nimekunywa chai. Sina njaa.

Leo nimezungumza na dada yangu.

Niandike vizuri. Tangu vita vilipotutoa kaskazini, miaka mingi iliyopita, mimi na mke wangu tuliishi hapa Kolwezi katika nyumba za kupanga. Msimu wa mvua uliopita nilimzika. Baada ya hapo nilibaki na nia moja tu: kurudi kwetu, nizeekee kwenye kiwanja cha baba, lupango kama tusemavyo huku. Kijijini simu haishiki. Kuna foni tu, ile redio ya misheni ambayo watu huitana kwa zamu huku chumba kizima kikisikiliza. Nilimwomba dereva mmoja aendaye kule apeleke ujumbe: dada yangu mkubwa, Yaya Ngoie, aje misheni ya kule leo nimwombe ruhusa.

Pale parokiani benchi la foni lilikuwa limejaa. Mama Berta, anayeendesha mashine, alinipa mikro, kile kipaza sauti.

"Tata, ufinye, useme, uachie. Usihubiri, banamungojea na bengine."

Nikafinya. "Yaya, uko unanisikia? À vous." Ndivyo tunavyompa mwenzetu zamu ya kusema.

Sauti iliyotujia ilikuwa nyembamba, ya puani, ya haraka haraka.

"Aah! Ule ni dada yako ao ni bata?" aliuliza mama mmoja muuza samaki. Benchi lote likacheka. Hata mimi nilicheka.

Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, kwa hiyo najua bata yule hutoka wapi. Sauti ya mtu peke yake haifiki mbali. Hupandishwa juu ya wimbi la redio, na wimbi hubadilishwa kuifuata. Redio za muziki za hapa mjini hubadilisha wingi wa mitetemo ya wimbi. Zile za zamani zilibadilisha ukubwa wake, na sauti ikatokea mara mbili, nakala moja juu ya wimbi na nyingine chini yake, kama mtu na taswira yake majini. Foni hubana nguvu. Haitumi wimbi lenyewe, haitumi nakala zote mbili. Hutuma nakala moja tu. Mashine inayopokea ndiyo hulirudisha lile wimbi lisilotumwa. Ikilirudisha pembeni kidogo ya mahali pake, maneno hufika, ila mwenye sauti hafiki.

Mama Berta akazungusha kitufe kidogo, polepole. Bata akashuka akawa mwanamke mzee. Kisha akawa Yaya Ngoie, na mkwaruzo wake uleule, na pumzi ileile kabla ya kila neno gumu.

"Mudogo wangu. Kumbe uko muzima. Aksanti Mungu. À vous."

Nikamwambia nataka kurudi nyumbani, nikae lupango ya baba.

Ikaja ile pumzi.

"Usikuje. Batu balituambiaka ulikufa kule. Tulikulilia, tulifanya matanga. Jina yako tulipatia mutoto wa ndugu yetu Kabange, yeye njo Ilunga sasa. Na lupango tulimupatia. Yeye iko na bibi, iko na batoto. Akikuona atasema umekuja kumufukuza. Unisamehe, mudogo wangu. À vous."

Hakuna aliyecheka. Mama wa samaki aliangalia viatu vyake.

"Nimesikia, yaya," nilisema. "Ubakie muzuri."

Nilisema kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto wa jirani.

Nakiri jambo moja. Kabla Mama Berta hajagusa kile kitufe, nilikuwa na furaha. Bata yule angeweza kuwa na jibu lolote.

Njiani nilijaribu kuhuzunika. Nilijipima kama unavyobonyeza mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, lakini haujibu. Wamekwisha kunililia, na labda machozi yangu yalitumika kule.

Kabla sijatoka parokiani, nilipokuwa nainuka kwenye kiti, Mama Berta alikuwa ameniuliza kwa upole, "Tata, tukuandikie Alhamisi ingine?"

"Uandike."

"Tukuitie nani? Yaya tena?"

"Ilunga."

"Ilunga si njo weye?"

"Sasa tuko babili, mama."

Alicheka, akaona aibu, akaandika.

Kesho asubuhi nitamwambia mwenye nyumba kwamba sihami. Alhamisi ijayo, kijana Ilunga akija kwenye foni, ataogopa, na sitamlaumu. Nitampa lupango kwa kinywa changu, mbele ya benchi lote, asije mtu akasema baadaye kwamba alimnyang'anya mzee aliye hai. Nitamwambia ajenge kwa matofali ya kuchoma. Baba alijenga kwa mabichi, na kila mvua zilipokwisha alianza ukuta upya.