Sanduku la Sifongo, Mbuji

Jumatatu, 7 Julai
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimepima. Kwanza sanduku la sifongo nyeusi, ambalo joto lake tunalijua na ndilo la kulinganishia, kisha anga. Ozoni ni pungufu tena. Mwezi wa tano ilikuwa sahihi. Kipokezi hiki ni mfano wa kile kitakachopanda na setilaiti kupokea mawimbi hafifu ya maikrowevu yatokayo kwenye gesi za angani. Miaka kumi na tisa ya kazi yangu. Mwishoni mwa mwezi kamati ya setilaiti itachagua kati ya vipokezi viwili, hiki na kingine.

Jumatano, 9 Julai
Nimefungua kikuza ishara. Hakina kosa. Kule Mbamba Bay mvuke wa ziwa ulitusumbua, ndipo tukapanda huku Mbuji, milimani. Sasa sina pa kupanda tena.

Ijumaa, 11 Julai
Pungufu. Nimemkaripia Mama Ndunguru, mwenye ua huu, kwa ndoo tu iliyoachwa njiani. Sikuwa na haki.

Jumamosi, 12 Julai
Nimeamka mapema. Nimemkuta Mama Ndunguru akitoka jikoni, sanduku kichwani. Tangu uvunaji uanze huliingiza kila jioni pamoja na kahawa yake, lisipate umande, na kulirudisha kabla sijaamka. Kipimajoto kilibaki nje, kwenye nguzo. Tuliandika joto la hewa tukidhani ndilo la sanduku. Sanduku lilikuwa na joto la mafiga.
"Shikamoo, Mzee. Hili limeota moto kuliko mimi!" Akacheka, kisha akaona uso wangu. "Si ulisema ni kitu cha thamani? Kitalalaje nje?"
Nilisema hivyo. Sikumweleza lina kazi gani. Nilidhani hahitaji kujua.

Jumapili, 13 Julai
Sikwenda misani. Vipimo vya wiki sita havifai wala havirekebishiki. Ningeweza kutuma vya mwezi wa tano na kunyamaza. Nimeiandikia kamati yote. Kosa ni langu.

Alhamisi, 31 Julai
Wamechagua kile kingine. Barua fupi, ya adabu. Setilaiti nyingine ya aina hii haitarushwa nikiwa hai. Mama Ndunguru ameleta ugali na usipa, dagaa wa ziwani. Ameuliza kama ni kwa sababu yake. Nimekana. Hakuamini. Chakula kimepoa.

Ijumaa, 1 Agosti
Sanduku limelala nje. Nimelipangusa umande, nimepima. Joto lake na la hewa ni sawa. Ozoni ni sahihi.
Vipimo hivi sikumtumia mtu yeyote.