Msamburu wa Stesheni

Mkwe wetu si Msamburu! Ejok, nakusalimu, dada yangu Nakiru; sasa kaa chini usome vizuri.

Mwanangu Ekai aliposema ataoa msichana wa Samburu, nililia Lodwar nzima ikasikia, nikidhani ni wale majirani zetu wa kugombania ng'ombe. Kumbe Samburu ni stesheni ya zamani huku njia ya Mombasa! Mbeyu ni Mduruma, msichana mzuri, ingawa anamfikia Ekai kifuani tu. Nani atamfikia mwanangu?

Stesheni yenyewe imekufa. Treni ya siku hizi inapita bila hata kuiangalia, na katika chumba cha abiria sasa wanalala mbuzi. Baba yake Mbeyu, Mzee Ndurya, ndiye alikuwa akipungia treni bendera hapo. Tukila wali wa nazi nikamuuliza, "Hili jina mliliiba wapi?"

"Tulilikuta, Mama Ekai. Labda Msamburu mmoja alishuka kunywa maji, treni ikamwacha."

Nilicheka mpaka wali ukanitoka puani. Basi mzee akaleta bendera zake mbili. "Nyekundu inasimamisha, kijani inapitisha. Sema, mama, harusi ipite?"

Nikanyakua ya kijani, nikapunga mpaka mbuzi wakatoroka.

Waambie kaka zetu wa Kakuma waache fimbo nyumbani, wabebe samaki mkavu wa Kalokol. Nakukumbatia mpaka mbavu zilie. Nawangoja nyote hapa stesheni, Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi.