Kofia ya Gari la Nesi

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo. Tena mgongo. Nimeshinda nimeinama ndani ya gari la marehemu kama fundi cherehani aliyedondosha sindano. Shemeji, mwenye gereji, aliniambia ni kazi ya siku mbili: safisha viti, rudisha mapambo, basi. Siku mbili! Gari limenizidi umri na limevishwa kila kitu kilichowahi kuuzwa. Nje, juu ya kioo cha mbele, kofia — kikinga-jua cha bati, kimejitokeza kama paji la uso la mtu mwenye hasira. Dirisha la nyuma lina pazia la vibapa vya alumini, la kuvuta kwa uzi, kama la ofisini. Kwenye dirisha la abiria unaning'inia mtungi wa kupozea hewa: unatia maji, upepo unapitia humo, unaingia na ubaridi. Na juu ya dashibodi, kijiwe cha kioo. Nilidhani pambo. Kumbe kofia inaziba taa za kuongozea magari, kwa hiyo unazitazama ndani ya kijiwe. Yaani unanunua kitu cha kuziba, halafu unanunua kingine kikuonyeshe ulichoziba! Nilicheka peke yangu. Cheko la kuchoka.

Jumanne, 5 Machi

Mjane wa marehemu amekuja. Nesi mstaafu, miaka sitini na tisa, viatu vyeupe bado. Anataka vyote virudi mahali pake, isipungue hata skrubu. Nikamwambia vibapa sita vya pazia vimekatika, na kofia imepindika na kuliwa na kutu. Akauliza, vitapona? Utadhani ni wagonjwa. Nikasema vitapona. Akavuta stuli, akakaa. Hakuondoka mpaka saa kumi.

Sipendi kutazamwa nikifanya kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekata vibapa sita vipya. Kidole kimechanika. Nesi akakamata mkono wangu bila kuomba ruhusa, akaosha, akafunga — haraka, safi, huku akinigombeza. Kisha akachukua uzi akaanza kutunga vibapa mwenyewe. Thelathini na kimoja. Mikono haitetemeki hata kidogo.

Akasimulia huku akitunga. Miaka yote ya ndoa kiti chake kilikuwa kile cha abiria, chini ya mtungi. Kazi yake kuvuta kamba ili maji yalowanishe nyuzi za ndani. Kila kona, maji gotini. "Harusi zote nimefika nimelowa upande mmoja." Tukacheka mpaka shemeji akachungulia.

Shemeji alipoondoka, Nesi akainama sikioni kwangu: "Fundi, nina leseni." Aliipata mwezi wa kumi na moja. Alijifunza kimyakimya. Mwanawe alidhani anakwenda mazoezi ya kwaya!

Ijumaa, 8 Machi

Nimegonga kofia juu ya mfuko wa mchanga tangu asubuhi. Masikio yanalia. Imenyooka, nimeifunga mahali pake. Nimelala na viatu.

Jumatatu, 11 Machi

Mwana wa Nesi amekuja. Suti, simu mbili. Mimi hakunisalimia. Nilikuwa chini ya dashibodi nikamsikia akimwambia shemeji: yupo mtu anayekusanya magari ya zamani, analitaka tupu, kama lilivyotoka kiwandani. Makorokoro yote yatolewe. Na mama asisikilizwe, tangu msiba akili yake haijatulia, anaongea na gari.

Shemeji akasema hakuna shida.

Baadaye akaniambia, shem, kesho fungua vyote. Nikamuuliza gari ni la nani. Akashusha pumzi. Si mtu mbaya. Amechoka kama mimi, na mwenye sauti kubwa ndiye anayemsikia. Nikajibu sawa. Hata kuliandika neno hilo naona aibu. Nimefungua boliti mbili za kofia. Zimebaki nne.

Jumatano, 13 Machi

Jana sikugusa gari. Nilisingizia kidole. Leo nimemwambia Nesi. Sikupanga — alikuja na chai kwenye chupa, nikashindwa kumtazama usoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Na wewe unanionaje? Nimechanganyikiwa?"

Nikasema sijui. Ndiyo, nilisema hivyo! Maana kweli anaongea na gari, nimemsikia kwa masikio yangu.

"Naongea na marehemu," akasema. "Yale ambayo alikuwa hanipi nafasi ya kuyasema."

Akafungua mkoba, akatoa kadi ya gari. Jina lake. Tangu siku ya kwanza. Marehemu akiendesha, mwenye gari yeye. Mwanawe hakuwahi kuuliza.

Shemeji alikuwa ametoka kutafuta vipuri. Nikamwambia Nesi, haya, shika usukani uniendeshe. Tukazunguka uwanja wa gereji mara tatu. Klachi anaikanyaga kwa ulaini kuliko mimi. Mzunguko wa pili bampa ikagusa pipa la oili chafu. Akasimama, akashuka, akakagua, akapanda. "Nilikodolea macho kijiwe badala ya kuangalia mbele. Sirudii." Hakurudia.

Nimerudisha boliti mbili. Kwa spana, mpaka zikalia.

Hofu ninayo. Akimgonga mtu je? Mimi ndiye niliyesema twende. Lakini wangapi wamegonga lile pipa, tena wenye masharubu yao, na hakuna aliyesema akili zao hazijatulia?

Alhamisi, 14 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika kwa penseli ya kuchorea bati, ndani ya gari, kiti cha abiria. Mwandiko unakwenda ovyo.

Mwana amekuja na gari la kukokota magari. Nesi alikuwa ameshafika. Akaomba ufunguo. Ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Shemeji akanitazama, akatikisa kichwa: usimpe. Nikampa. Kisha nikapanda naye. Mwenyewe nimeshangaa.

Mwana akapiga kelele kwamba tutamuua mama yake. Nesi akampa kadi kupitia dirishani. Akaisoma. Akaisoma tena. Nikadhani atakasirika. Badala yake akaenda mbele, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti, akaanza kulia. Mtu mzima, na suti yake! "Mama, nimebaki na wewe tu."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Injini inanguruma. Nesi hapigi honi. Ameshika usukani, anasubiri. Dereva wa gari la kukokota amewasha sigara. Shemeji ananiita nishuke — mara ya tatu sasa.

"Mwanangu," Nesi anasema taratibu, sauti ile ya wodini, "sogea pembeni au panda nyuma."

Hajasogea. Mimi nami sijashuka.