Nukta Yenye Nyuzi Nyingi

Wembley, Jumapili

Yaya Agathe, dada yangu mkubwa,

Gervais akifika Bukavu na kukukabidhi barua hii, mpe chai na umkalishe. Usimwache aondoke haraka.

Sisi tupo. Baridi inapungua, na mimi bado nasafisha ofisi alfajiri. Plamedi wangu sasa anafanya utafiti chuoni kuhusu kansa ya mapafu. Jana alinionyesha kazi yake kwenye kompyuta: jeni zimechorwa kama nukta, na nyuzi zinaunganisha zile zinazofanya kazi pamoja. Nukta moja ilikuwa na nyuzi nyingi kupita zote. Akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba hiyo ndiyo wanayoitafuta, maana ikinyamazishwa, huenda nyingine nyingi zikanyamaza.

Nikacheka. Nikamwambia, "Basi huyo ni mama yako mkubwa Agathe." Kwetu mtoto hazaliwi wala mtu hafi bila habari kupitia kwako.

Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama kifua changu.

Yaya, ugonjwa anaousoma mwanangu ninao mimi. Madaktari walithibitisha wiki iliyopita. Dawa zinaanza karibuni, na Plamedi anasema michoro kama ile imesaidia kuzipata. Sikumuuliza zaidi.

Ukijua wewe, wote watajua. Ndiyo maana nimekuandikia wewe tu. Ila Mama usimpigie simu. Nenda ukae naye kwanza, kama Gervais anavyokaa nawe sasa. Nilimwomba asiinuke mpaka umalize kusoma.

Mdogo wako,
Noëlla