Nyuzi Hamsini na Mbili, Magharibi

Jumamosi, 8 Agosti

Nanenane. Watu wamepumzika, mie niko juu ya bati tangu asubuhi. Nyumba ya mama mmoja Tabata, upepo umelitikisa dishi lake, televisheni imebaki chenga tupu. Nikapanda. Nikaweka pima maji, nikasukuma kidogo, nikakaza nati. Dakika tatu picha imerudi. Chai aliyoniahidi ilikuwa haijachemka. Fundi mwingine angekaa kutwa. Sijisifu, naandika kilichotokea.

Madishi yote ya mtaa huu yanasikiliza setilaiti moja. Magharibi, kaskazini kidogo, nyuzi hamsini na mbili kwenda juu. Naweza kulielekeza dishi nikiwa nimefumba macho. Nilishawahi kufanya hivyo Mburahati, katikati ya masika, mkono mmoja umeshika mwamvuli. Upepo ukaninyanyua na mwamvuli wangu hadi bati la jirani. Nikamfungia na yeye dishi lake.

Jioni kapiga simu Zuhura, mtoto wa dada yangu Mwajuma. Yuko chuo mwaka wa pili, analala hosteli za Mabibo. Ana kikundi chao cha kutazama anga. Jumamosi ijayo wanaleta darubini kwenye uwanja wa shule ya msingi hapa hapa kwetu, kuanzia saa kumi na moja jioni, mtu yeyote aje atazame bure. Kaniandikisha nifungue shughuli. Nisimulie siku aliyozaliwa na nyota niliyoiona mchana. Nikamwambia hamna shida mwanangu, na darubini naijua tangu hujazaliwa.

Darubini sijawahi kuishika. Naandika hapa tu.

Jumapili, 9 Agosti

Kijiwe cha kahawa cha Chande. Nimewatangazia wote kuwa mie ndiye mgeni rasmi Jumamosi. Kidogo nimeongeza, Zuhura hakusema rasmi.

Nikawasimulia ile hadithi ili koo lizoee. Niko juu ya paa jirani na hospitali, dada yuko ndani ana uchungu, saa kumi na moja, jua kali. Naona nyota nyeupe mashariki, juu kabisa ya wodi ya wazazi. Ina miale. Manesi wanatoka nje. Daktari anavua miwani, anafuta, anavaa tena. Nashuka, nasema mtoto akiwa wa kike ni Zuhura, maana ile ni nyota ya Zuhura. Ikawa hivyo.

Chande akasema, "Fundi, mwaka jana manesi walikuwa watatu. Leo wametoka wodi nzima, wagonjwa wanahudumiwa na nani?"

Watu wakacheka mpaka kashata zikamwagika. Mie nikacheka kwa sauti kuliko wote. Lakini liliniuma.

Jumanne, 11 Agosti

Siku mbaya. Niandike haraka iishe.

Zuhura alikuja na kiongozi wao, Mwalimu Aneth, anafundisha fizikia sekondari. Binti mpole, kanisalimia shikamoo mjomba kwa adabu zote. Walitaka kuupima uwanja na kuijaribu darubini. Chande naye akaja na birika lake, kisingizio kuuza kahawa.

Mwalimu akaniambia nielekeze darubini kwenye ile nyota ya jioni, nyota ya Zuhura yenyewe, ilikuwa imeshatoka magharibi, inang'aa kama taa. Kazi ya mtoto. Nikashika bomba, nikaangalia nyota, mkono ukaenda wenyewe. Nikachungulia. Nikaona tangi la maji la nyumba ya pili. Lita elfu mbili, nimelisoma hadi maandishi.

Naelewa nilipokosea, ila nimeelewa baada ya kufika nyumbani. Dishi letu uso wake unatazama chini, lakini linasikiliza juu zaidi, karibu nyuzi ishirini na kitu. Asiyejua akilitazama anadhani limeelekezwa kwenye paa la jirani. Miaka ishirini na tano mkono wangu umezoea kuinamisha uso ili kupata juu. Darubini haina mambo hayo. Inaona inapotazama, basi. Chande kauliza kama tangi lina pete kama sayari. Hilo nalisamehe.

Lililofuata ndilo silisamehe, na wa kumsamehe ni mie mwenyewe. Mwalimu Aneth akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Mjomba, ile ya siku aliyozaliwa Zuhura uliiona upande gani?"

Nikasema mashariki, juu ya wodi, kama siku zote.

Ana kitu kwenye simu yake kinachoonyesha anga la siku yoyote, hata ya miaka ya nyuma. Akaandika tarehe ya kuzaliwa ya Zuhura.  Akamwonyesha Zuhura. Siku ile jioni sayari ya Zuhura ilikuwa magharibi. Mashariki hapakuwa na kitu.

 Zuhura akachukua begi lake. Akaniaga vizuri, na huko kuagwa vizuri ndiko kulikonimaliza. Siku zote huwa ananipiga ngumi ya bega.

Jumatano, 12 Agosti

Ujumbe wa Zuhura umeingia saa nne: "Mjomba, Jumamosi ile ya wodi tuiache. Wewe njoo utazame tu."

Nimeusoma mara sita. Anadhani jina lake limetokana na uongo.

Sikwenda kazini.

Jumatano hiyohiyo, jioni

Nimekaa nimekumbuka vizuri, bila kumsimulia mtu. Nikisimulia huwa sikumbuki, naendeshwa na wasikilizaji.

Nilikuwa juu ya paa. Kweli. Nilikuwa nafunga dishi. Kweli. Dishi lilitazama magharibi, kwa hiyo na mie nilitazama magharibi. Hospitali ilikuwa mgongoni kwangu. Nilinyanyua macho juu ya dishi na kuona kidoti cheupe. Kidogo, kama chembe ya chumvi kwenye kitambaa cha bluu. Nikapepesa macho, nikakipoteza, nikakipata tena. Sikumwita nesi. Hakukuwa na daktari wala miwani. Nilishuka nikaenda kumwambia dada, naye alikuwa ameshajifungua.

Wodi niliiongeza mie. Nilitaka nyota iwe juu ya mtoto. Sasa nyongeza ndiyo imeua kweli yenyewe.

Na nikimwambia leo kwamba ilikuwa magharibi, ataona nimebadilisha baada ya kuona simu. Nani asingeona hivyo? Dawa ni moja. Jumamosi niwaonyeshe nyota jua likiwa bado juu, kwa macho matupu, pale pale nilipoiona. Nisipoweza, nikae na uongo wangu na mwanangu aniage vizuri mpaka nife.

Alhamisi, 13 Agosti

Mchana nimefunga madishi matatu. Jioni nikapanda bati langu na protrakta ya darasa la sita, kitu pekee nilichotoka nacho shule kikiwa kizima. Nimefunga uzi na nati ikawa timazi. Ukilenga nyota kwa ukingo wa protrakta, uzi unakuonyesha nyuzi ngapi. Vitabu sikumaliza, lakini pembe haijawahi kunishinda.

Jua lilipogusa mabati ya mbali, nyota haijaonekana. Dakika chache mbele ikatokea. Nyuzi arobaini na tatu. Nikatazama saa. Nikapima tena, tena, tena. Kila dakika nne inashuka nyuzi moja, haikosi, kama imeajiriwa.

Nikarudisha hesabu nyuma. Nusu saa kabla ya jua kuzama inakuwa wapi?

Hamsini na mbili.

Nilikaa chini juu ya bati. Ndiyo pembe yetu! Ndiyo pembe ya kila dishi Tabata nzima. Kasoro ni kwamba nyota inapita kushoto kidogo ya setilaiti, vidole vinne ukinyoosha mkono. Miaka yote hii nimekuwa nikielekeza watu karibu kabisa na ilipo, na sikujua.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimetoka msikitini, nikaoga, nikapanda bati saa kumi na moja na nusu. Kujaribu.

Nikasimama nyuma ya dishi langu. Nikapanda kwa macho zile nyuzi ishirini na kitu za juu ya uso wa dishi. Vidole vinne kushoto. Bluu tupu. Nikatafuta mpaka machozi yakanitoka. Saa kumi na mbili kasorobo, hamna. Nikaanza kuogopa, na mie si mtu wa kuogopa, nilishawahi kukaa na swila kwenye dari ya nyumba moja Mbagala tukagawana nafasi.

Halafu ikawa pale. Haikutokea, ilikuwepo muda wote. Macho yalikuwa yanatazama karibu. Nikayatuma mbali, kama unavyotazama ndege, ikaja. Chembe ya chumvi. Ileile.

Nililia. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo si kitu.

Chini yake mwezi mchanga, mwembamba kama kucha.

Jumamosi, 15 Agosti

Uwanja umejaa. Nasema watu mia tano, Mwalimu anasema mia moja, tuseme mia tatu. Akina mama na mikeka, wazee wa msikitini, vijana wa bodaboda, na Chande na birika mbili. Dada Mwajuma kaja na miwani mipya. Darubini wameiweka kivulini nyuma ya darasa, ili ukuta ulizibe jua, maana Mwalimu kasema ukichungulia jua kwa darubini jicho limekwenda. Mpango ni kusubiri giza.

Saa kumi na mbili kasoro robo nikamwendea Mwalimu, nikamwomba dakika tano. Akamtazama Zuhura. Zuhura akatazama chini. Mwalimu akasema, "Haya, mjomba."

Nikasimama. Sauti ninayo, sauti sijawahi kukosa. Nikasema mie ni fundi dishi, mnanijua. Mnaijua na hadithi yangu ya nyota ya mchana. Leo naiparua mbele yenu. Wodi niliiongeza. Manesi niliwaongeza. Daktari na miwani yake nilimwongeza.

Chande akapaza sauti, "Sasa kimebaki nini, Fundi?"

Nikasema kimebaki kidoti. Nilikiona magharibi, juu ya dishi, hospitali ikiwa mgongoni kwangu. Na kipo sasa hivi.

Nikawaonyesha dishi la nyumba ya jirani na shule, nimelifunga kwa mkono wangu. Nikawaambia uso wake usiwadanganye, linasikiliza juu zaidi. Nikaweka protrakta jichoni, hamsini na mbili. Mkono unyooshwe. Vidole vinne kushoto. Msitazame karibu, tazameni kama mnatafuta kunguru wa mbali.

Watu wote wakanyoosha mikono.  Muda ukaenda. Kijana mmoja akasema haoni kitu. Mwingine akasema Fundi leo umeyatimba. Nikaitafuta na mie, nikaikosa. Nikahisi jasho linashuka mgongoni kama mtu kanimwagia kopo.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya dada. "Ile pale! Mungu wangu. Ile pale, Saidi!"

Kumbe miaka yote dada hakuniamini. Jina alilikubali kwa sababu nilikataa kuondoka pale kitandani mpaka akubali. Hili kaniambia mwenyewe leo, sikulijua. Akamshika Zuhura bega, akamgeuza, akamwelekeza kidole. Zuhura akatafuta. Akatulia. Akafunika mdomo.

Baada yake ikawa kama kuku wamemwagiwa mtama. Ile! Wapi? Ile juu ya waya! Wazee wakaiona. Chande akaiona wa mwisho, akaapa ni puto.

Mwalimu akaigeuza darubini ikiwa imekingwa na ukuta, akaipata. Tukapanga foleni. Kwenye darubini si nyota kabisa. Ni nusu. Nyeupe, imekatwa katikati kama mwezi wa siku saba. Chande akachungulia akasema, "Fundi, hii nusu nyingine umeiongeza wapi?" Nikamwambia yako hiyo, chukua.

Zuhura akaja kusimama karibu yangu. Akaniuliza kwa nini niliongeza wodi.

Nikamwambia ukweli. Ile nyota ilikuwa ndogo sana, na wewe ulikuwa mtoto wetu wa kwanza.

Akasema, "Mie nimewasimulia sekondari nzima ile ya daktari kuvua miwani. Utanilipa vipi aibu hiyo?" Akanipiga ngumi ya bega. Imeacha alama. Nimeitazama kwenye kioo.

Jumapili, 16 Agosti

Mwili wote unauma kama nimebeba zege. Kijiweni wameniachia kiti cha ukutani, kile cha kuegemea. Chande anawasimulia wapita njia jinsi yeye alivyoiona nyota wa kwanza, kabla hata ya dada yangu. Ina miale, anasema.

Nikamwacha.

Mwalimu Aneth kaomba niende nao kikundi kitakapopeleka darubini Temeke. Niende na protrakta. Nimemwambia nitaangalia ratiba. Ratiba sina, nitakwenda.

Jumatano, 19 Agosti

Dishi moja tu leo, nyumba ya mzee mmoja mstaafu, nguzo ililegea. Nimelimaliza saa kumi na mbili kasorobo. Zana nikarudisha kwenye mfuko. Nikasimama nyuma ya dishi, nikanyoosha mkono, vidole vinne kushoto.

Ipo.

Mzee akauliza kutoka chini, "Fundi, unaangalia nini huko?"

Nikamwambia naangalia kama nati imekaza. Nikakaa kwenye bati, bado lina joto, mpaka jua likazama.