Kopo Lako Limeliwa, Daforoza

Daforoza,

Kopo limeliwa.

Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ningeanza na salamu, habari za watoto na baridi ya mwaka huu, ungenikatiza kama ulivyozoea: "Fika, mama, fika, simu haina chaji." Basi nimefika. Kopo lako la mwisho la dagaa limeliwa lote, na si mimi niliyelila. Wala si Furaha wa Columbus. Wala si Spesioza wa Buffalo, ingawa hao wawili walikuwa wanalinyemelea tangu wiki ya msiba wako, na Mungu anawaona.

Kaa vizuri nikueleze, maana aibu hii ina hatua zake.

Unalikumbuka kopo lenyewe, lile la maziwa ya unga, ulilolizungushia seloteipu mpaka likawa kama mguu uliofungwa plasta. Alilibeba yule kijana wa kwaya yetu aliyekuja huko Kasulu kuoa. Uwanja wa ndege walimfungulia begi, afisa akainama kulinusa, akarudi nyuma, akamwambia apite upesi. Likanifikia hapa kwangu Okolona, Louisville, katikati ya wiki. Mimi kutwa nafunga maboksi ya watu ghalani, nikasema hili langu silifungui kwa haraka. Nitalifungua Jumapili, nimeoga, nimekaa, na ugali upo mezani.

Jumapili tumetoka ibadani, nasonga ugali, binti yako Neema akapiga simu. Akasema presha ilipanda, wakakukimbiza hospitali, hukufika. Mwiko ulikuwa mkononi. Nikamuuliza mtoto wa watu swali la kijinga: "Hakufika wapi?"

Sikulifungua. Nikaliweka kwenye friza chini ya mifuko ya majani ya muhogo, nikatangaza marufuku nyumba nzima. Baba Elia alilishika mara moja akitafuta barafu ya goti lake, nikamwambia ajaribu aone. Elia naye akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha shule, kama lile kopo ni majivu yako. Huku wapo wanaowachoma wafu wao na kuwaweka kabatini, mtoto ameona kwenye televisheni. Nikamwambia, ni dagaa. Akafikiri kidogo, akasema, sasa mbona kila asubuhi unawasalimia?

Nilikuwa nawasalimia, sikatai.

Tatizo ni kwamba sikulia, Daforoza. Mazishi tulikuangalia kwenye simu. Mtandao ukaganda jeneza likiwa limefika nusu ya kaburi, na picha iliporudi watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi. Kwa hiyo kwangu mimi ulibaki pale katikati. Akina mama wa kanisa walikuja kwangu na leso, wakaketi, wakaningojea, wakachoka, wakaondoka na leso zao kavu, na nasikia walinisema. Sikuwaeleza. Ningewaelezaje kwamba kopo lako halijafunguliwa, hukumu sijatoa, na mtu ambaye bado anangoja jibu langu hawezi kuwa ameenda mbali?

Maana kanuni ni yako mwenyewe. Kambini, enzi za ukimbizi, tulikuwa wanne, andazi moja, tunamega kwa zamu, na wewe ndiye uliyekuwa unaamua nani amemega kupita kiasi. Kisha majina ya wakimbizi wa kuhamishiwa huku yakatoka. Spesioza akatupwa Buffalo kwenye theluji, Furaha akaenda Columbus, mimi Louisville. Wewe ulikuwa umeshaolewa na mtu wa Kasulu, hukuwa kwenye orodha wala hukuitaka. Ulipotusikia tunaliliana kwenye simu kila wiki ukasema kulia kunamaliza vocha, afadhali tupelekeane vitu vya kutafuna. Grupu letu la Wasapu ukaliita Kamati ya Ulafi, ukajiteua mwenyekiti bila uchaguzi. Kila mmoja atume upuuzi unaoliwa mjini kwake, na anayekula atoe hukumu kwa sauti kabla hajaramba vidole. Hukumu ya kweli. Kumsifia mtu kwa kumhurumia ilikuwa marufuku. "Mgema akisifiwa," ulikuwa unasema, halafu unanyamaza, unatuachia tumalizie wenyewe.

Na ulivyokuwa unahukumu! Furaha alikutumia zile duara za siagi ya karanga zilizochovywa kwenye chokoleti, ambazo watu wa Ohio wanazionea fahari utadhani karanga wameivumbua wao. Ukasikiliza sifa zote, ukatafuna, ukasema: "Karanga nimeisaga toka utotoni. Hii wameivalisha koti tu." Spesioza akaleta pipi ya kwao Buffalo, nje chokoleti, ndani matundu matupu kama sifongo. Joto la njiani liliziunganisha zikafika tofali moja, ukalikata kwa panga ukawagawia wanakwaya. Sauti yako ikaja: "Buffalo, nimetafuna, nikatafuta nilichotafuna, sijakiona. Mmenitumia hewa." Spesioza alinuna mpaka Pasaka. Alipotuma krispi zenye ladha ya mabawa ya kuku ukasema harufu ya kuku ipo, kuku hayupo, ni kama kupita nje ya harusi ya watu. Akanuna tena.

Mimi nilikutumia chokoleti za Kentucky, boksi zuri la utepe mwekundu. Furaha ndiye aliyesoma lebo kwenye picha, akapiga kelele kwenye grupu kwamba ndani mna pombe kali ya mahindi. Wewe, mwanakwaya wa sauti ya pili, uliyeokoka mbele ya mashahidi, ulikuwa umeshakula safu ya kwanza kabla ya mazoezi. "Louisville," ukasema, "hizi zenu zina upako." Nikakueleza ni kitu gani. Ukanijibu: "Maelezo hayo uniletee zikiisha."

Na zile pipi za uchachu ulizompa mama mkwe wako! Alifumba jicho moja tangu asubuhi hadi chai ya jioni, kisha akaita wanawe kikao.

Lakini nawe ulitutesa. Ubuyu wako mwekundu ulifanya shule ya Elia inipigie simu kazini, mtoto anatoka damu mdomoni. Nilivuka mji mzima na fulana ya kazini, naomba kwa lugha zote ninazozijua. Nikamkuta kwa muuguzi, amezungukwa na watu wazima waliovaa glavu, anamung'unya mbegu na kuwaonyesha ulimi.

Basi, matanga tukayaondolea Columbus kwa Furaha, pale Clintonville anakoishi na kutunza wazee, kwa sababu ni katikati ya njia ya kila mtu. Spesioza aliendesha kutoka Buffalo kwenye mvua ya barafu, akafika anaongea peke yake. Mimi nililipakata kopo kutoka Louisville mpaka mlangoni, mapaja yakafa ganzi. Tukaweka picha yako mezani, ile ya kitenge cha bluu umekunja uso kwa sababu ya jua, na kuizunguka tukapanga upuuzi wote wa miji mitatu. Kopo tukaliweka mbele yako.

Furaha akakata seloteipu kwa kisu na kuinua mfuniko. Ilitoka harufu ya pilipili, limau na ziwa. Mimi nilifikiri sasa nitalia.

Badala yake tuligombana. Tukaingia jikoni ili wageni wasisikie, tukafunga mlango. Spesioza alisema Buffalo ni mbali na kuna baridi, kwa hiyo nusu ni yake. Furaha akafunga mikono kifuani: "Bon, nyumba ni ya miye, donc miye njo nitagawanya," yaani mwenye nyumba ndiye mgawaji. Mimi nikasema hakuna wa kugawa, kopo litafungwa na kurudi Louisville kama lilivyokuja. Spesioza akaniangalia. "Yaani umelileta tulinuse?" Nikasema ndiyo. Hapo yakasemwa mengine ambayo hayafai kwenye barua kwa marehemu.

Tulipotoka, sebuleni alikuwemo mchungaji wa Furaha, aliyekuja kutuombea. Ni mtu mwema, sitaki umchukie. Anafanya kazi kiwandani, alikuwa amefunga kwa maombi na saa ya kufungua ilikuwa imefika. Wageni wengine walikuwa bado wanahangaika na maegesho. Alikaa peke yake na picha yako, akaona meza, akaona kopo wazi, akajua ndiyo desturi yetu ya kupokea watu. Daforoza, tulimkuta anagonga kitako cha kopo kwa kiganja ili wa mwisho washuke.

Akatutabasamia. Watu wa kwao dagaa wanawaita ndakala. "Ba mama," akasema, "hii ndakala iko muzuri sana. Ni chumvi tu ilizidi kidogo. Mwenye aliikaanga iko wapi, anitengenezeye ingine?"

Furaha alishika ukuta. Mimi nikanyoosha mkono, nikaionyesha picha.

Mchungaji akakutazama wewe, akatutazama sisi. Mdomo ulikuwa bado na kitu, hakujua ateme au ameze. Akameza.

Na mimi nikalia. Si kilio cha leso, rafiki yangu. Nilikaa chini kwenye zulia la Furaha na viatu miguuni, nikalia mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nilikuwa nasema dagaa wangu, dagaa wangu, na wageni wanaoingia walisimama mlangoni na sahani zao wasielewe. Spesioza akashuka chini kunishika, naye akabaki huko huko. Furaha akaja juu yetu. Mchungaji alidhani kosa lote ni lake, akaomba toba ndefu kwa sauti, chenga zikiwa kwenye tai. Nilitaka kumwambia ninyamazishe kwanza, halafu tutahesabiana, ila kilio kilinitangulia. Umekufa, Daforoza. Ndiyo siku niliyojua.

Nilipotulia nikalivuta kopo, nikaingiza kidole, nikakusanya unga uliobaki pembeni na kuramba.

Chumvi ilikuwa imezidi.

Nikaramba tena. Wewe hujawahi kuzidisha chumvi. Ulikuwa unazidisha maneno, pilipili na sauti ya pili, chumvi hapana. Kesho yake nimerudi Okolona nikampigia Neema, huko jua limeshazama, amefunga ile meza yako ya dagaa uliyomwachia sokoni. Nikamsimulia habari ya mchungaji, akacheka mpaka akakohoa. Ndipo nikamuuliza kuhusu dagaa wale. Akasema, "Mama mdogo, siku zile mama alikuwa hawezi kusimama jikoni. Alikaa kwenye kiti akinielekeza. Niliwakaanga mimi. Akasema tusikwambie, tuone kama utajua."

Ulinitega, mama wewe! Miezi yote nimelinda mkono wako kwenye friza, nikiusalimia, kumbe mkono ni wa binti yako, mzima kabisa, unakaanga sokoni kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyempigia kumuuliza anaendeleaje. Tulikuwa tunagombania kopo.

"Kwa hiyo walikuwaje?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nakuambia, ulimi wangu ulishaanza kusema walikuwa wazuri, mwanangu, mkono wa mama yako mtupu. Ni yatima, amebeba meza yako peke yake, nani angenilaumu? Nikavuta pumzi.

"Chumvi imezidi," nikamwambia.

Nikasikia mbwa wa Kasulu, nikasikia pikipiki ikipita. Nikajuta.

"Imezidi," akasema Neema, "mbona mchungaji amemaliza kopo?"

Daforoza, mtoto umezaa. Nilicheka mpaka Baba Elia akatoka bafuni na povu kuona kama nimeanza tena. Siku hiyo hiyo nimemwingiza kwenye Kamati. Uenyekiti hatujampa, hapa hakuna kurithishana. Ameshamwambia Spesioza kwamba pipi za Buffalo zinaonekana kama kitu cha kusugulia sufuria, na Spesioza amenuna, kwa hiyo mambo yako yanaendelea.

Nenda sasa. Nilikuwa nimekushikilia pale nusu ya kaburi, nimekuachia. Boksi la Neema nalifunga Jumamosi. Nakuahidi sitamsifia kwa kumhurumia, hata siku moja. Akizidisha chumvi nitamwambia. Na siku atakayopatia nitamwambia pia, hapo hapo, hata kama itaniuma kwamba si wewe.

Rafiki yako,
Mama Elia